Sura ya Nne: Ukuta Unaopanga Nauli

Teksi nyeupe za jiji la Roma zina bei moja ambayo kila mgeni anapaswa kuijua kabla ndege haijatua. Kutoka uwanja wa Fiumicino hadi mahali popote ndani ya Ukuta wa Aurelian, nauli iliyopangwa na manispaa tangu mwaka 2024 ni yuro 55, abiria awe mmoja au wawe wanne, mizigo ikiwamo. Ukuta huo ulianza kujengwa mwaka 271, wakati Kaisari Aurelian alipohofia makabila ya kaskazini yaliyokuwa yakishuka Italia kwa mafuriko. Una urefu wa kilometa 19 hivi, na sehemu kubwa bado imesimama. Makabila yale yametoweka, lakini hadi leo dereva na abiria wanapatana kwa kuuangalia ukuta uleule. Ndani ya lango bei inajulikana. Nje ya lango hesabu inabadilika.

Hoja ya sura hii imo ndani ya ukuta huo. Mtu akishuka ndege akielekea mji wa kale huuliza kwanza usafiri upi una kasi, kisha upi ni rahisi. Ni maswali mazuri, ila hayapaswi kutangulia. La kwanza ni hili: nitalala wapi hasa, na gurudumu la mwisho litaniacha hatua ngapi kutoka kwenye mlango huo? Mji mpya hujengwa ukifuata barabara na reli. Mji wa kale ulikuwapo kabla ya vyote viwili, na kila chombo kinachotaka kuuingia lazima kiufuate mpangilio wake. Mwenye kulijua hilo huanza kupanga safari mlangoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi uwanjani. Asiyelijua huanzia uwanjani, akapanda chombo cha kwanza kilichotangazwa kwa herufi kubwa, kisha akajikuta kwenye stesheni yenye msongamano, mji anaoutaka bado uko mbali na mabegi yako mkononi.

Nimeichagua Roma kwa sababu watu wetu wengi wanaiendea: mapadre na masista wanaosoma katika vyuo vikuu vya kipapa, mahujaji wa parokia kutoka Moshi hadi Bukavu, maofisa wanaohudhuria mikutano ya kilimo na chakula, ndugu wanaowatembelea ndugu. Wengi wao huwa wamebadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, wakafika usingizi umewalemea. Uamuzi unaofanywa katika hali hiyo, mbele ya mashine ya tiketi na foleni ikisukuma nyuma, mara chache huwa mzuri. Ufanye nyumbani, ukiwa na kikombe cha chai na ramani.

Tatizo la miaka elfu mbili

Ukipata kiti cha dirishani, tazama chini ndege inapokaribia kutua. Karibu na uwanja kuna ziwa dogo lenye pande sita zilizo sawa, umbo ambalo maumbile peke yake hayawezi kulichora. Hilo ni bwawa la bandari ya Portus. Kaisari Klaudio alianza kujenga bandari hapo mwaka 42 baada ya Kristo, na Trajan akaongeza bwawa hilo la pembe sita mwanzoni mwa karne ya 2. Leo liko ndani ya nchi kavu kwa sababu matope ya mto Tiber yameisukuma bahari nyuma.

Bandari hiyo ilikuwepo kwa sababu ileile inayokuleta wewe pale. Roma iliishi kwa ngano ya Misri na ya Afrika ya Kaskazini, lakini meli kubwa zilizoibeba hazikuweza kupanda mto hadi mjini. Zilipofika pwani, mzigo ulihamishiwa kwenye mashua bapa, nazo zikavutwa kwa kamba na ng'ombe waliotembea ukingoni mwa Tiber, siku baada ya siku, hadi zikafika kwenye maghala ya mji. Meli iliyokata bahari nzima ilikwama kwenye kilometa za mwisho, nazo zilihitaji chombo kingine, watu wengine na malipo mengine.

Uwanja wa Fiumicino, ambao jina lake rasmi ni Leonardo da Vinci, ulifunguliwa mwaka 1960, Roma ilipokuwa ikiandaa Michezo ya Olimpiki. Uko kilometa 30 hivi kusini-magharibi ya katikati ya mji. Ndege imekubeba maelfu ya kilometa kwa tiketi moja, mzigo wako umehamishwa na wengine, na chakula umeletewa mahali ulipokaa. Kilometa hizi 30 ni zako mwenyewe. Ndiyo maana zinastahili kupangwa kwa uangalifu kuliko zote zilizotangulia.

Mji uliowekea magurudumu mipaka

Msongamano wa Roma haukuletwa na motokaa. Sheria inayohusishwa na Julius Caesar, ya mwaka 45 kabla ya Kristo, ilikataza mikokoteni kupita katika mitaa ya mji tangu jua linapochomoza hadi saa kumi. Saa kumi hiyo ndiyo saa kumi yetu ya alasiri, kwa maana Warumi nao walihesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko. Mizigo ikahamia usiku, na mshairi Juvenal akalalamika kwamba kelele za magurudumu katika vichochoro hazimwachi mtu apate lepe la usingizi.

Sheria ya leo ina jina jipya, ZTL, yaani eneo ambalo magari yamewekewa mipaka. Kamera zimefungwa kwenye njia za kuingilia katikati ya mji, zikisoma namba za magari kwa saa nyingi za mchana siku za kazi. Wakazi wenye kibali wanaingia, teksi zinaingia, mgeni aliyekodi gari uwanjani haingii. Bango la umeme likisomeka *varco attivo*, kamera ziko kazini, na kila lango utakalopita ni faini yake. Faini hizo humfuata mtu hadi nyumbani kupitia kampuni iliyomkodisha gari, miezi kadhaa baadaye. Kwa mtu anayekaa katikati ya Roma, kukodi gari na kuliendesha mwenyewe ni chaguo la kuliondoa mezani mapema.

Reli ya chini ya ardhi nayo imekutana na mji huohuo, safari hii kutoka chini. Laini B ilianza mwaka 1955, laini A mwaka 1980, na zote mbili zinapita pembezoni mwa kitovu cha kale. Laini C, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2014, imekuwa ikisonga taratibu kuelekea katikati, kwa sababu kila mita inayochimbwa ni chumba cha mtu wa zamani. Mwaka 2016, eneo la Amba Aradam, wachimbaji walifichua kambi ya askari wa karne ya 2 yenye vyumba 39, sakafu zake za mozaiki bado zikiwepo. Ramani za stesheni zikabidi zichorwe upya ili kambi hiyo iwe sehemu ya jengo. Hakuna mhandisi anayeweza kuharakisha kazi ya namna hiyo, wala haifai aiharakishe.

Matokeo yake kwa msafiri ni haya: kuzunguka Piazza Navona, Pantheon na Campo de' Fiori hakuna stesheni ya metro. Ukishuka Barberini au Spagna, bado una mwendo wa robo saa hivi kwa miguu hadi Pantheon. Msomaji anayeujua Mji Mkongwe wa Unguja atalielewa hili bila ramani: gari linakufikisha Darajani au Forodhani, na kutoka hapo ni miguu yako na nguvu ya anayekubebea begi. Tofauti ni kwamba Roma ni kubwa, kwa hiyo kukosea upande wa kuingilia kunagharimu zaidi.

Njia nne za kutoka uwanjani

*Leonardo Express.* Hii ndiyo treni inayotangazwa kuliko zote. Inaondoka kwenye stesheni iliyo ndani ya uwanja, inayofikiwa kwa miguu kupitia vijia vya juu kutoka majengo ya abiria, na haisimami popote hadi Roma Termini. Safari ni dakika 32, nauli ni yuro 14, na treni hupita kila baada ya dakika 15 au 30 kutegemea saa. Ni safi, ina nafasi ya mizigo, haijui foleni za barabarani. Udhaifu wake ni mahali inapoishia. Termini ni stesheni kuu ya reli, iko ndani ya Ukuta wa Aurelian, na metro A na B zinakutana chini yake. Lakini Pantheon iko kilometa mbili hivi kutoka hapo, na Mtakatifu Petro ni mbali zaidi. Kama unalala jirani na Termini, au unaunganisha treni ya kwenda Firenze, Napoli au Assisi, Leonardo Express ni yako bila kusita. Kama hulali huko, umenunua kasi ya nusu ya kwanza ya safari tu.

*Treni ya FL1.* Inaondoka kwenye stesheni hiyohiyo ya uwanja, mara nyingi jukwaa la jirani, na wageni wengi hupishana nayo bila kuitambua. Nauli yake ni yuro 8. Ni treni ya wenyeji: wafanyakazi wa uwanja wanaotoka zamu, wanafunzi, akina mama na mifuko ya sokoni. Inasimama vituo vingi, kisha inaingia Roma kwa upande wa kusini: Trastevere baada ya dakika 27 hivi, Ostiense dakika chache mbele, halafu Tuscolana na Tiburtina. Haifiki Termini kabisa, na hilo ndilo linalowaogopesha watu. Wangetazama ramani wangeona kwamba Trastevere na Ostiense ni milango miwili mizuri ya kuingilia mji wa kale. Nje ya Ostiense kuna metro B ya Piramide, ukivuka kwa njia ya chini. Nje ya Trastevere kuna tramu namba 8 inayovuka Tiber hadi Largo di Torre Argentina na Piazza Venezia.

*Basi.* Kampuni kadhaa zinatoa mabasi kutoka uwanjani hadi Termini, kwa nauli ambayo ni karibu nusu ya ile ya Leonardo Express. Baadhi yana kituo karibu na Vatikani kabla ya Termini, jambo lenye thamani kubwa kwa hujaji. Ratiba inasema dakika 45 au saa nzima, lakini barabara kuu ya kuingilia Roma asubuhi ya siku ya kazi haiheshimu ratiba. Basi linafaa mwenye muda, mwenye bajeti ndogo, na anayefika baada ya treni ya mwisho, kwa kuwa baadhi ya mabasi hutembea hata usiku.

*Teksi.* Kituo rasmi kiko nje ya milango ya wanaowasili. Chukua gari jeupe lililoandikwa kibali cha Comune di Roma mlangoni. Ndani ya ukumbi utakutana na wapiga debe wenye sauti za upole, wakikuambia foleni ni ndefu na wao wana gari tayari. Wapite. Ukifika kwenye gari rasmi, mtajie dereva anuani, kisha muulize kama ni bei maalumu ya yuro 55, kabla begi halijaingia kwenye buti. Teksi inapaswa kupokea kadi, nalo liulize hapohapo. Aliyezoea Bolt ya Dar es Salaam au Uber ya Nairobi asitarajie unafuu wa aina hiyo: huduma ya magari ya watu binafsi ilipigwa marufuku na mahakama ya Milano mwaka 2015, na kinachopatikana kwenye programu za simu leo ni teksi zenyewe au magari ya kukodi yenye dereva mwenye leseni, ambayo kwa kawaida ni ghali.

Kuna uwanja mwingine, Ciampino, ulio karibu zaidi na mji, unaotumiwa na ndege za bei nafuu zitokazo miji mingine ya Ulaya. Hauna stesheni ya treni ndani yake. Hakikisha tiketi yako inataja uwanja upi kabla ya kupanga chochote.

Wasafiri watatu

Tuwachukue watu watatu waliotua kwa ndege moja, kila mmoja na anuani yake.

Wa kwanza ni ofisa wa wizara ya kilimo anayekwenda kwenye mkutano wa FAO. Shirika hilo la Umoja wa Mataifa lilihamishia makao yake Roma mwaka 1951, na jengo lake liko mita chache kutoka stesheni ya metro ya Circo Massimo. Hoteli yake iko jirani. Akifuata matangazo atapanda Leonardo Express hadi Termini, kisha ashuke ngazi hadi metro B na kurudi kusini vituo vitatu. Jumla ni yuro 15.50. Akianza na anuani ataona njia fupi: FL1 hadi Ostiense, avuke hadi Piramide, kituo kimoja tu cha metro, afike Circo Massimo. Jumla ni yuro 9.50, na msongamano wa Termini hauoni. Akitoka Ostiense atapita karibu na piramidi ya Caius Cestius, kaburi la karne ya 1 kabla ya Kristo ambalo wajenzi wa Aurelian waliliunganisha ndani ya ukuta wao badala ya kulibomoa. Huko ndiko kuingia Roma kwa lango lake.

Wa pili ni hujaji aliyepata chumba katika nyumba ya masista nyuma ya uwanja wa Mtakatifu Petro. Hapa ukuta unambana: Vatikani na mitaa yake ziko nje ya Ukuta wa Aurelian. Ukuta unaoizunguka Vatikani ulijengwa baadaye sana, katika karne ya 9, na Papa Leo IV. Kwa hiyo asidhani kwamba yuro 55 zinamhusu moja kwa moja. Aulize bei ya anuani yake kabla ya kuingia garini. Lakini ana njia nyingine nzuri. Apande FL1 hadi Trastevere, abadilishe treni hapohapo, achukue FL3 au FL5 hadi Roma San Pietro, safari ya dakika chache. Kutoka stesheni hiyo hadi uwanja wa Mtakatifu Petro ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Wengi wanaoiendea Vatikani hawajui kwamba kuna stesheni karibu kiasi hicho, wakapitia Termini na kubanana kwenye basi namba 64, ambalo wenyeji wenyewe huonyana kuhusu wachomoa mifuko wake.

Wa tatu ni mama kutoka Kinshasa anayekwenda kwa binti yake, anayeishi hatua chache kutoka Piazza di Pasquino. Mahali hapo pana kanisa dogo la Natività di Gesù, linalohudumia Wakatoliki wa Kongo walioko Roma, na nje yake imesimama sanamu iliyokatika mikono na kuchakaa uso, ambayo kwa karne nyingi Warumi wamekuwa wakiibandikia karatasi zenye maneno makali dhidi ya wakubwa. Hapo ni ndani kabisa ya mji wa kale. Metro hakuna. Kama mama amekuja na begi moja dogo, FL1 hadi Trastevere na tramu namba 8 hadi Largo di Torre Argentina vitamfikisha kwa yuro 9.50, kisha atembee dakika kama kumi. Lakini mama anayekwenda kwa binti yake haji na begi dogo. Ana masanduku mawili ya kilo 23, na ndani yake mna unga, samaki wakavu na vitenge. Na njia ile ya dakika kumi imetandikwa *sanpietrini*, vijiwe vyeusi vya mawe ya volkeno vilivyochongwa kwa mkono, vinavyoachana kidogo kila kimoja na mwenzake. Gurudumu la sanduku huingia katika kila ufa. Mkono unaanza kufa ganzi kabla hujafika kona ya kwanza, na mvua ikinyesha mawe hayo huteleza. Mama huyu achukue teksi. Yuko ndani ya ukuta, bei anaijua, na dereva ana ruhusa ya kuvuka kamera zinazowazuia wengine. Hizo yuro 55 hazitakuwa anasa.

Watu watatu, ndege moja, majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyehitaji ile treni maarufu. Haina ubaya wowote. Imejengwa kwa ajili ya wanaokwenda Termini, nao hawaendi huko.

Idadi, saa na karatasi

Baada ya anuani, hesabu ya pili ni idadi ya watu. Msafiri mmoja analipa yuro 14 kwa Leonardo Express na 55 kwa teksi, na tofauti ni kubwa. Watu wazima wanne kwa tiketi za kawaida wanalipa yuro 56 kwa treni hiyo, kisha wanaanza kutafuta usafiri wa pili kutoka Termini. Kwa teksi wangelipa 55 na kushukia mlangoni. Kwa FL1 wangelipa 32. Kundi la parokia lisihesabu nauli ya mtu mmoja likaridhika. Lizidishe kwa idadi ya watu kwanza, ndipo lilinganishe.

Hesabu ya tatu ni saa. Treni za uwanjani huanza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kukoma karibu na saa sita usiku. Ndege ya usiku kutoka Addis Ababa mara nyingi hutua alfajiri. Hapo usikimbilie teksi kwa hofu: ukaguzi wa pasipoti na kusubiri mizigo humaliza muda mwingi, na ukitoka unaweza kukuta treni ya kwanza inajiandaa. Anayetua usiku wa manane ndiye hasa wa teksi au basi la usiku. Uangalie pia tarehe. Migomo ya usafiri nchini Italia hutangazwa mapema, na mara nyingi huangukia Ijumaa. Siku hiyo Leonardo Express huweza kubadilishwa na mabasi, na FL1 kupungua. Uliza hotelini siku mbili kabla.

Mwisho ni karatasi. Tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyopo ukutani kabla hujapanda. Ingiza ncha ya tiketi, subiri mlio, tazama kama tarehe na saa vimechapwa. Ambaye hajagonga huhesabiwa kama hajalipa, hata akiwa ameshika tiketi mkononi, na mkaguzi ana haki ya kumtoza faini. Tiketi ya simu haihitaji muhuri, lakini soma masharti yake, kwa kuwa baadhi hutaka ubonyeze kuthibitisha kabla ya safari. Tiketi ya mjini ya yuro 1.50 ni nzuri sana: inadumu dakika 100 katika mabasi na tramu, pamoja na safari moja ya metro, na inakubalika pia katika treni za ndani ya mji kama ile ya Trastevere hadi San Pietro. Haikubaliki kwenye safari ya uwanjani. Kadi za watalii za siku tatu nazo haziifiki Fiumicino, na siku ya kurudi ndipo wengi hulitambua hilo, mkaguzi akiwa amesimama mbele yao.

Mpango wa kurudi nyuma

Anza na anuani kamili, jina la mtaa na namba ya nyumba. Iweke kwenye ramani, uangalie iko ndani au nje ya Ukuta wa Aurelian. Tafuta stesheni, kituo cha tramu au cha basi kilicho karibu nayo, upime mwendo wa kutoka hapo hadi mlangoni. Kisha jiulize kwa ukweli kama utaweza kutembea mwendo huo ukiwa na mizigo uliyobeba, kwa saa utakayofika, pamoja na watoto au wazazi ulioandamana nao. Jibu likiwa ndiyo, tafuta treni ipi inakufikisha kwenye kituo hicho kwa kubadilisha mara chache kuliko zote. Jibu likiwa hapana, weka pembeni fedha za teksi tangu nyumbani, usizihesabu tena kama fedha za matumizi. Andika njia yako kwenye karatasi, pamoja na jina la kituo cha kushukia, kwa sababu simu huishiwa chaji na laini ya nyumbani huenda isishike mtandao.

Utaratibu huu hautegemei bei. Nauli nilizozitaja zitapanda, treni zitabadilishwa majina, na ipo siku laini C itapita chini ya Piazza Venezia na kuisogeza metro karibu na Pantheon. Ukuta hautasogea, mawe ya mitaani yatabaki, wala anuani yako haitajongea hata hatua moja kuifuata treni. Miji mikongwe imedumu kwa sababu watu waliikubali ilivyo, wakatafuta namna ya kuiingia bila kuivunja. Mgeni anayeifanyia heshima hiyo hulipa kidogo na huchoka kidogo, akafika akiwa bado na nguvu za kuutazama mji alioufuata.